Je, wajua kompyuta ya bei ndogo hupoteza wapi muda wake?

Mtu anayenunua kompyuta yake ya kwanza ya nyumbani kwa fedha za kuhesabu huwa na swali moja kwa muuzaji: "Hii ni i ngapi?" Utalisikia Kariakoo, Dar es Salaam, utalisikia Luthuli Avenue, Nairobi. Anauliza prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ambao kampuni ya Intel huuza kwa majina ya i3, i5 na i7. Jibu likiwa i7, bei hupanda na mnunuzi huona sawa ipande.

Mimi nilinunua hivyo. Nilikuwa na laki nne za Kitanzania, nikachukua laptopu iliyotumika yenye stika ya i7 na gigahezi 2.66, nikaiacha ya i3 iliyokuwa pembeni yake, tena ya bei ya chini. Nyumbani niliiwasha, nikaenda jikoni kuinjika chai, nikarudi nikakuta kale kaduara bado kanazunguka. Kufungua barua ya ukurasa mmoja kulichukua muda wa kuiandika kwa mkono. Nilivumilia miezi, nikiamini kwamba nimeuziwa prosesa mbovu.

Fundi niliyempelekea aliichungulia kidogo tu. "Dada, prosesa yako haina kosa," akasema. "Inangoja." Akatoa diski inayohifadhi mafaili, akaweka SSD, hifadhi ya aina mpya, akahamishia kila kitu kilichokuwamo. Prosesa ileile, RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi zinazoendelea) ileile, Windows ileile. Ikawaka kabla sekunde thelathini hazijatimia.

Tangu siku ile nimekuwa nikitaka kuelewa: ilikuwa inangoja nini?

Kwanza niondoe imani niliyokuwa nayo, maana ndiyo inayowagharimu watu wengi. Gigahezi ni hesabu ya mapigo. Gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde, na kila pigo prosesa inasogeza kazi hatua moja. Ni rahisi kudhani kwamba mwenye mapigo mengi ana kasi zaidi. Miaka ya 1990 dhana hiyo haikuwa mbali na ukweli, kwa kuwa kompyuta nyingi za madukani zilifanana ndani na namba ilitosha kuzilinganisha.

Kisha ikaja prosesa ya Pentium 4, mwaka 2000. Intel waliisanifu ili mapigo yapande sana, na kweli yalipanda, hadi gigahezi 3.8. Mpango wa kutoa ya gigahezi 4 ukafutwa mwaka 2004, kwa sababu joto na ulaji wa umeme vilikuwa vimeshakuwa ukuta. Mwaka 2006 kampuni hiyohiyo ikatoa Core 2 Duo, nyingi zikiwa chini ya gigahezi 3, na zikaiacha Pentium 4 nyuma waziwazi. Wafikirie wakulima wawili shambani. Mmoja ana kijembe kidogo na anakipiga harakaharaka, mwingine ana jembe pana na anapiga taratibu. Jioni unapima eneo lililolimwa, wala hakuna anayeuliza jembe lilinyanyuliwa mara ngapi.

Stika nayo ina mtego wake. Majina ya i3, i5 na i7 hupanga ngazi ndani ya kizazi kimoja, na hayalinganishi vizazi. Chukua prosesa mbili za laptopu zinazoonekana sana kwenye mashine zilizotumika. Ya kwanza ni i7-7500U: viini viwili vya kufanyia kazi, mapigo ya msingi gigahezi 2.7. Ya pili ni i5-8250U, iliyotoka mwaka 2017: viini vinne, mapigo ya msingi gigahezi 1.6. Ukisoma stika na gigahezi utaikimbilia ya kwanza. Lakini kwa kazi inayoweza kugawanywa kati ya viini, ya pili inaishinda, na mara nyingi kwa mbali. Kizazi kinasomwa kwenye namba inayofuata kistari: 8250 ni kizazi cha 8, 10210 ni cha 10. Muuzaji akikuambia "i7" akanyamaza, hajakuambia jambo la maana bado. Mwombe namba yote.

Hata hivyo, tatizo la laptopu yangu lilitatuliwa bila prosesa kuguswa. Hapa ndipo kuna kitu cha kustaajabisha.

Diski ya kizamani ni mashine halisi yenye viungo vinavyotembea. Ndani mna sahani inayong'aa kama kioo, inayozunguka mara 5,400 kwa dakika katika laptopu nyingi, na mkono mwembamba wenye kichwa kinachosoma alama za sumaku. Kila kipande cha data kina mahali pake juu ya sahani. Kompyuta ikikitaka, mambo mawili lazima yatokee. Mkono uende kwenye mstari husika, kisha sahani izunguke mpaka kipande kifike chini ya kichwa.

Chukulia daladala moja tu inayozunguka njia ya duara. Kwanza utembee hadi kwenye njia inakopita. Huo ni mwendo wa mkono, kama milisekunde 12 kwa diski ya laptopu (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde). Ukishafika kituoni, unangoja. Ukibahatika, gari linatokea pale pale. Likiwa limekupita sasa hivi, unangoja mzunguko mzima. Ukijumlisha siku zako zote za kungoja, wastani ni nusu mzunguko. Mizunguko 5,400 kwa dakika ni milisekunde 11 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo nusu yake ni tano na ushee. Jumla ni kama milisekunde 17 kabla hujapata hata herufi moja.

Milisekunde 17 zinasikika kama si kitu. Lakini maana yake ni kwamba diski inaweza kuchukua vipande vilivyotawanyika kama 60 tu kwa sekunde, na kompyuta inapowaka huhitaji maelfu kwa maelfu ya vipande vidogo: mipangilio, fonti, madereva (programu zinazoendesha vifaa), programu zinazojiwasha zenyewe. Tuseme ni 10,000 tu. Vikisomwa kimoja baada ya kingine, hizo ni sekunde 170, karibu dakika tatu. SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu zinazohifadhi data kama chaji za umeme zilizonaswa ndani ya vijumba vidogo mno, teknolojia iliyotokana na kazi ya mhandisi Fujio Masuoka akiwa kampuni ya Toshiba miaka ya 1980. Kukifikia kipande chochote huchukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde, kiwe wapi. Vipande vilevile 10,000 vinapatikana kwa sekunde moja.

Hesabu hii ni ya kuonyesha njia tu. Windows hupanga maombi ili mkono usirukeruke ovyo, na vipande vingine hukaa jirani kwa hiyo husomwa kwa mkupuo. Hali halisi huwa na nafuu kidogo kwa diski, ila haibadilishi nani mshindi.

Kilichonikaa zaidi akilini ni jinsi jambo hili linavyoonekana upande wa prosesa. Prosesa ya gigahezi 2.5 hupiga pigo moja kila nanosekunde 0.4 (nanosekunde ni sehemu ya bilioni ya sekunde). Tuirefushe hiyo iwe sekunde nzima. Prosesa sasa ni fundi cherehani anayepiga mshono mmoja kila sekunde, na uzi umemwishia. Uzi ukiwa kwenye RAM, anamtuma kijana duka la jirani na anarudi baada ya dakika nne hivi. Ukiwa kwenye SSD, kijana anapanda basi kwenda mjini na kurudi: karibu siku tatu. Ukiwa kwenye diski inayozunguka, safari ni ya mwaka mmoja na zaidi ya miezi minne. Jahazi la zamani lilishuka na kaskazi kutoka Arabuni hadi Zanzibar, likangoja kusi, likarejea kwao, na bado lilirudi pwani yetu kabla uzi wa fundi huyu haujafika.

Sasa mlipe fundi zaidi ili apige mishono saba kila sekunde tano badala ya mitano. Ndicho nilichokifanya nilipolipia i7. Nilimpata fundi hodari, nikamwacha amekaa mwaka mzima mkono shavuni.

Pengo hili halikutokana na uzembe wa waundaji. Diski ya kwanza ya namna hii, ya mashine ya IBM iliyoitwa RAMAC, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ilibeba herufi milioni 5. Kufikia kipande kulichukua kama milisekunde 600. Diski ya laptopu ya gigabaiti 500 inabeba kama mara laki moja ya hizo, lakini kwa kukifikia kipande imeongeza kasi mara 35 hivi. Nafasi iliongezeka kwa kubana alama za sumaku. Mkono na sahani ni vyuma, vina uzito, na chuma hakiharakishwi hivyo. Zilitengenezwa diski za seva za mizunguko 15,000 kwa dakika, na hata hizo nusu mzunguko wake ni milisekunde mbili nzima.

RAM inaingia hapa pia, kwa njia ambayo watu huielewa nusu. RAM kubwa peke yake haiharakishi kazi iliyokwisha kuenea ndani yake. Lakini RAM ikijaa, kompyuta huanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha vinapohitajika, na kila urejeshaji ni ile safari ya jahazi. Ndiyo maana mashine ya gigabaiti 4 yenye diski ya zamani huganda ukifungua kurasa kadhaa za intaneti, na mashine hiyohiyo yenye SSD husuasua tu. Kwa matumizi ya leo ya nyumbani, gigabaiti 8 ndizo ninazoziona kuwa mwanzo wa utulivu.

Unaweza kuyathibitisha haya dukani kabla hujatoa hela. Mashine ikishawaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ifunguke Task Manager, kisha fungua programu moja nzito. Ukiona diski imefika asilimia 100 na prosesa iko kwenye kumi na kitu, unamwona fundi akingoja uzi.

Kwa bajeti finyu, basi, ningeangalia laptopu zilizotoka maofisini, zile ambazo Kenya huziita ex-UK: Latitude za Dell, EliteBook za HP, ThinkPad za Lenovo. Kampuni huzitumia miaka michache na kuzibadilisha zikiwa bado na nguvu, na nyingi hufunguka kwa bisibisi ya kawaida, hivyo SSD na RAM hubadilishwa bila shida. Laptopu mpya kabisa ya bei ya chini sana inavutia kwa boksi lake na waranti, lakini soma maelezo: nyingi zina prosesa ya Celeron, ya ngazi ya chini, RAM ya gigabaiti 4 iliyochomelewa isiongezeke, na hifadhi ya eMMC, ambayo ni ndugu wa kadi ya memori ya simu kuliko wa SSD. Ulichonunua siku ya kwanza ndicho utakachokuwa nacho miaka yote.

Kizazi cha prosesa kina sababu nyingine ya kukuhusu. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi, kwa prosesa za Intel, huanzia kizazi cha 8, ukiondoa chache za cha 7. Mashine ya nyuma ya hapo si takataka. Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, ni bure na huenda vizuri juu yake, mradi programu unazozihitaji zipo huko. Na kama kazi yako ni kuhariri video au michoro ya majengo, mengi niliyosema hapo juu hupungua uzito, kwa kuwa huko prosesa hufanya kazi kwelikweli na kulipia viini vingi kuna maana.

Betri usiiamini kwa macho. Andika powercfg /batteryreport kwenye kidirisha cha amri cha Windows (Command Prompt) upate uwezo wake ilipokuwa mpya na uwezo wa sasa. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha saa ambazo diski imekaa imewashwa; saa 8,760 ni mwaka mzima bila kuzimwa. Saa chache si hakikisho la maisha marefu, lakini ukiambiwa "haijatumika sana" ukakuta elfu thelathini, una la kumwambia muuzaji.

Diski yangu ya zamani sikuitupa. Fundi aliiweka kwenye kasha la USB, na sasa inatunza nakala ya pili ya picha na video za ukoo. Kwa kazi hiyo inafaa kabisa. Video ni faili ndefu iliyolala kwa mstari, kwa hiyo mkono ukishafika mahali pake haurukiruki tena; sahani inazunguka na data inatiririka, hata megabaiti 100 kwa sekunde, moja ya tano hivi ya SSD ya kawaida ya laptopu hizi. Harusi ya dada yangu, saa mbili na nusu, inacheza mwanzo hadi mwisho bila kukwama.