Tiba ya kazi hufunzwa jikoni pia

Idara za vyuo vikuu za tiba ya kazi, ile inayomrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya shughuli zake za kila siku, zikiandika mafanikio yao, hutanguliza idadi ya waliohitimu. Mimi ninayewapokea wanafunzi wao hapa Lamu kwa mafunzo ya vitendo nina kipimo changu: akipewa mama aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi, mwanafunzi ataulizia kwanza mkono, au ataulizia jiko?

Shirikisho la Dunia la Wataalamu wa Tiba ya Kazi, lililoundwa mwaka 1952, linataka kila mwanafunzi apate angalau saa 1,000 za mafunzo ya vitendo. Zikiishia wodini zote, kwangu ni hasara. Wodini mgonjwa huhamisha vijiti kutoka bakuli hili hadi lile. Nyumbani anataka tui.

Na kukuna nazi si mchezo. Mbuzi iko chini, na kizio hushikwa kwa mikono miwili, kikasukumwa na kuzungushwa kwenye meno ya chuma. Aliyepatwa na kiharusi akikaa chini vile huangukia upande dhaifu, kwa hiyo tunaipandisha mbuzi juu ya sanduku imara mpaka nyayo zote mbili zikanyage sakafu sawasawa. Kisha mkono dhaifu unawekwa juu ya kizio, mzima unauongoza. Lakini kabla ya hapo mwanafunzi apime kama mkono huo unahisi. Usiohisi utakatwa na meno yale na mwenyewe asijue. Huo tunaungojesha kwenye chicha. Kukamua hufanyisha vidole kazi ya kufumba, na kuachia chicha hufanyisha kazi ya kufumbua, ambayo mara nyingi ndiyo ngumu zaidi. Wala hapana haja ya kumhesabia marudio, wali unangoja.

Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo tunatengeneza viti vya karatasi, ufundi ulioanzia Zimbabwe: maboksi ya dukani na magazeti hubandikwa kwa uji wa unga, tabaka juu ya tabaka. Kwa unyevu wetu wa pwani, kisipokauka vizuri na kupakwa rangi, kitaoza.

Viti vya magurudumu? Anayevijua vichochoro vya mtaa wetu wa Mkomani, na ngazi zake na punda wake, hataniuliza.

Tarehe 27 Oktoba ni Siku ya Tiba ya Kazi Duniani. Idara ikitaka kutuletea kitu, ilete msumeno na misumari. Mabango tunayo.