Volti hasi kwenye laini ya seriali

Volti hasi ni volti iliyo chini ya graundi, basi. Ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye graundi na nyekundu kwenye waya, mita ikaandika -9, hiyo ndiyo volti hasi. Waya mweusi wa betri ya boti hauna volti hasi. Una sifuri, kwa sababu ndipo tunapoanzia kupima.

Sasa fundi anaunganisha mizani ya dagaa, tuseme pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na bodi yake ya maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, kwa laini ya seriali: waya unaopeleka data kwa 1 na 0, moja baada ya nyingine. Anapima waya wa mizani, anaona -9, anasema nyaya zimegeuzwa. Hazijageuzwa. Kanuni ya seriali inayofuatwa na mizani hiyo, RS-232, iliyotoka Marekani mwaka 1960, inahesabu volti -3 hadi -15 kuwa 1, na +3 hadi +15 kuwa 0. Laini isiyotuma kitu hukaa kwenye 1, kwa hiyo hukaa hasi kutwa nzima. Seriali ya maikrokontrola nayo hutulia kwenye 1, ila 1 yake ni volti 3.3 au 5, na 0 yake ni karibu na volti sifuri.

Pini ya maikrokontrola kama ATmega328P haitakiwi kushuka chini ya -0.5, kwa hiyo inahitaji kinga. Weka rezista ya omu 4,700 kwenye waya wa kupokea, kisha dayodi (hupitisha mkondo upande mmoja tu) ya Schottky kama BAT85 upande wa pini: mwisho wenye mstari kwenye pini, mwingine kwenye graundi. Hata ije -12, mkondo ni kama miliampia 2.5 na pini inaishia karibu na -0.3. Dayodi ikitangulia rezista, rezista haiupunguzi mkondo unaoipitia dayodi. Ikigeuzwa, inameza volti chanya na laini inaonekana imekufa. Kwenye waya wa kutuma weka omu 1,000. TX, yaani pini ya kutuma, ikichomekwa kwenye TX ya chipu nyingine ya volti 5, mkondo hauzidi miliampia 5.

Lakini kinga haitafsiri, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ile -9 iliyozuiwa inasomeka 0, ilhali mizani ilimaanisha 1, kwa hiyo badala ya kilo unapata herufi za ajabu. Anayetafsiri ni chipu ya MAX3232 na kapasita zake za maikrofaradi 0.1: inageuza 1 na 0 zikae sawa, na inashusha volti hapo hapo.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha nyaya, pima pini 2 na pini 3 za DB9, plagi ya seriali ya mizani yenye pini tisa, dhidi ya pini 5 ambayo ni graundi, mizani ikiwa haitumi. Yenye hasi ndiyo inayotuma, na ni nzima.