Siyo kila mlio ni Ngomeni

Nimeletewa tena rekodi ya sekunde tano ya mlio usiojulikana kwenye redio ya masafa mafupi, na swali ni lilelile: “Hii ni setilaiti ya Ngomeni?”

Hapana, jamani. Ni kweli kwamba setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, na kituo cha nchi kavu bado kinawasiliana na setilaiti. Lakini mawasiliano hayo yako megahezi 2000 na zaidi. Mlio wako ulikuwa megahezi 8.

Anza nyumbani. Washa redio kwa betri, kisha zima swichi kuu ya umeme na uikate sola. Mlio ukifa, mtuhumiwa ni chaja, taa ya LED au kontrola ya sola. Ukibaki, chomoa antena. Ukiendelea kusikika hata hapo, unatoka ndani ya redio yenyewe. Wenye RTL-SDR (kidude cha kompyuta cha kupokea redio) inayosoma masafa mafupi moja kwa moja, toeni namba yenu kwenye 28.8, yaani kasi yake ya kuchukua sampuli kwa megahezi: stesheni ya megahezi 10 hujitokeza tena 18.8, na watu huihesabu kuwa ugunduzi.

Sasa linaloniudhi hasa. Namba iliyo kwenye kioo cha redio siyo lazima iwe masafa ya mlio. Chukua wito wa kidijitali wa dharura wa meli, kilohezi 8414.5. Ni sauti mbili zinazopishana kwa hezi 170, mara 100 kwa sekunde, na wito mmoja huisha ndani ya sekunde 6 au 7. Ukiwa USB (upper sideband, yaani redio inapokea upande wa juu tu wa namba ya kioo) na kioo kinasoma 8414.5, angalau nusu ya wito imekatwa. Teremka hadi 8412.8, na katikati ya sauti hizo mbili itakaa hezi 1700, palipo pazuri. Sasa mtu huandika “nimesikia 8412.8”, anatafuta kwenye orodha ya masafa, hakuti kitu, basi anasema ni majasusi. Kilohezi 1.7 tu! Na ukirekodi kwa AM, sauti zile hazitoki kabisa, kwa hiyo hakuna cha kupima.

Hata ukipima vizuri, kuna mpaka. STANAG 4285, mfumo wa NATO wa kutuma data kwa redio, naitambua: ni mngurumo mkavu, bodi 2400 (alama 2400 kwa sekunde), katikati hezi 1800. Ila inatumiwa na majeshi ya majini ya nchi nyingi, na mlio peke yake hauniambii ni ya nani. Anayekutajia nchi kwa kusikiliza tu, mwombe ushahidi.

Nileteeni nusu dakika ya USB, namba ya kioo, upana wa kichujio, na saa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Saa mbili usiku hapa Malindi ni 17:00. Saa mbili asubuhi ni 05:00. Ukiandika “saa mbili” peke yake, sijui kama megahezi 8 ilikuwa ya usiku, inapofika mbali, au ya mchana.