Je, wajua kwa nini viwanda vya ethilibenzeni hutumia benzeni kupita mahitaji?

Mlinganyo wa kutengeneza ethilibenzeni, malighafi ya plastiki ya polistairini, ni mwepesi: molekuli moja ya benzeni, moja ya ethilini, kwisha. Lakini mtamboni benzeni huingizwa mara kadhaa zaidi ya ethilini, na nyingi yake hutoka vilevile ilivyoingia, ikarudishwa mwanzo kuzungushwa upya. Nishati yote hiyo ya kuisukuma na kuichemsha ni ya nini?

Tazama kinachotokea juu ya kichocheo, ambacho hapa ni asidi. Asidi huipa ethilini protoni. Ikishaipata, ethilini huwa na chaji chanya na hutafuta elektroni kwa nguvu. Pete ya benzeni, yaani duara la atomi zake sita za kaboni, ina elektroni tele, basi ethilini hunaswa hapo. Pete nayo huachia protoni yake moja, ambayo humrudia mwenyewe, yaani kichocheo, kikawa tayari kwa zamu nyingine.

Shida huanzia hapo. Kundi la ethili, yaani ethilini iliyokwisha kupachikwa, huiongezea pete elektroni, kwa hiyo ethilibenzeni hushambuliwa kwa urahisi kuliko benzeni iliyoizaa. Ethilini ikikosa benzeni karibu, huivamia bidhaa yenyewe, na unapata dietilibenzeni (yenye makundi mawili ya ethili), hata trietilibenzeni (yenye matatu). Benzeni ya ziada ipo kuizingira ethilini, ili kila inapogeuka ikutane na benzeni kwanza.

Charles Friedel na James Crafts walieleza mmenyuko wa aina hii mwaka 1877 huko Paris, wakitumia kloridi ya alumini. Viwanda viliitegemea kwa miongo mingi, ingawa inatafuna vyuma na lazima ioshwe kutoka kwenye bidhaa, ikiacha maji machafu yenye asidi. Kwangu mimi, hatua kubwa kuliko zote ilikuja mwaka 1980, mchakato wa kampuni za Mobil na Badger ulipoanza kazi kiwandani kwa zeolaiti iitwayo ZSM-5. Hii ni fuwele ya silikoni, alumini na oksijeni, yenye vijia vya upana wa takriban nusu nanomita. Asidi yake imo ndani ya vijia hivyo, na molekuli kubwa hupata taabu kuumbika au kupita humo. Haioshwi wala haitiririki na bidhaa. Ikizibwa na masizi ya kaboni, huchomwa kwa hewa na kurudi kazini. Zeolaiti zilizofuata zinafanya kazi katika hali ya kimiminika, kwenye joto la chini zaidi.

Dietilibenzeni kidogo inayojitokeza haitupwi. Minara ya kukeneka huitenga kirahisi, maana benzeni huchemka kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, ethilibenzeni kwenye 136, na dietilibenzeni karibu na 180. Kisha huchanganywa na benzeni na kupitishwa tena kwenye kichocheo, ambako kundi moja la ethili huhama. Dietilibenzeni moja na benzeni moja hutoa ethilibenzeni mbili.