Sakafu inayochemka kule mbali

Katika picha za 3D za kompyuta, chora sakafu ya vigae vyeusi na vyeupe inayokwenda mpaka upeo wa macho. Karibu na kamera mambo safi. Kule mbali mistari inajikunja, yanazuka mawimbi ambayo hukuyachora, na kamera ikitikisika kidogo tu sakafu nzima inachemka.

Wengi hukimbilia kuwasha MSAA, mbinu ya kuondoa ngazi-ngazi kwenye kingo. Haisaidii kitu hapa. MSAA hulainisha kingo za pembetatu zinazounda umbo, lakini rangi ya tekscha (picha inayobandikwa juu ya umbo) kwa kawaida husomwa mara moja tu kwa kila pikseli ya pembetatu hiyo. Pikseli moja ya mbali inaweza kufunika vigae mia. Ukisoma nukta moja tu, unacheza bahati nasibu: cheusi au cheupe.

Dawa ni kupiga wastani mapema. Mwaka 1983 Lance Williams alieleza mipmapu: tekscha inahifadhiwa na nakala zake, kila moja nusu ya upana na nusu ya urefu wa iliyotangulia, hadi ibaki tekseli (nukta ya tekscha) moja; pikseli ya mbali husoma nakala ndogo. Tekscha ya 1024 kwa 1024 huwa na ngazi 11, na kumbukumbu huongezeka kwa theluthi tu. Bei ya bure, kwa maoni yangu.

Ila sakafu inatazamwa kwa mshazari, kwa hiyo eneo ambalo pikseli inalifunika ni refu na jembamba. Mipmapu huchagua nakala kwa kufuata urefu huo, na picha inaingia ukungu. Hapo ndipo uchujaji wa anisotropiki, yaani usio sawa kila upande, unapofaa: husoma sampuli kadhaa, mara nyingi hadi 16, kwa kufuata ule urefu.

Kuna kosa lililonila siku mbili. Sakafu yangu ilizidi kuwa nyeusi kadiri ilivyokwenda mbali. Nikashuku taa, nikashuku vivuli. Kumbe programu iliyotengeneza mipmapu ilipiga wastani wa namba za sRGB (mfumo wa rangi ambao namba zake, 0 hadi 255, haziendi sawia na mwanga) zilivyo: 0 na 255 zikatoa 128, ambayo ni mwanga wa takriban asilimia 22 tu. Nusu ya mwanga ni 188. Geuza kwanza namba ziwe mwanga, piga wastani, ndipo uzirudishe.

Ramani za normali, yaani tekscha zinazohifadhi vekta (mishale yenye urefu wa 1) za kuonyesha uso unaelekea wapi, zina ukaidi wake. Wastani wa vekta zinazoelekea huku na huku ni vekta fupi. Ukiirefusha tu irudi kuwa 1, mikwaruzo inapotea na uso unang'aa kama kioo. Michael Toksvig aliutumia ufupi huohuo kama kipimo: vekta ikiwa fupi, mng'ao unatawanywa zaidi.