Fangasi ya kucha si uchafu

Wengi hapa Kampala wanaamini mtu mwenye kucha ya njano, nene, inayomeguka kama unga, basi haogi. Jamani, hapana. Fangasi inakula keratini, ile protini ya kucha na ngozi, na inapenda joto na unyevu, ndo maana anayeshinda ndani ya gambuti msimu wa mvua anaweza kuipata hata akioga mara mbili kwa siku. Tena si kila kucha nene ni fangasi, soriasisi (ugonjwa wa ngozi wa magamba) au kujigonga pia vinafanya hivyo, so kabla hujanunua dawa omba kliniki wakwangue kidogo wapime kwa hadubini. Kucha ya dole gumba la mguu inachukua miezi 12 hadi 18 kuota upya, kwa hiyo angalia pale shinani, ikitoka safi dawa inafanya kazi.