Jumapili moja ya Aprili 1941: Wavell, medani sita na meli zisizotosha

Jumapili ya tarehe 6 Aprili 1941, majeshi yaliyotoka Kenya yaliingia Addis Ababa. Alfajiri ya siku hiyohiyo Ujerumani ilizivamia Yugoslavia na Ugiriki. Usiku wake ndege za Kijerumani zikaipiga bandari ya Piraeus, na meli ya Clan Fraser, ambayo bado ilikuwa na shehena ya baruti tumboni, ikalipuka na kubomoa sehemu kubwa ya bandari ambayo jeshi la Uingereza nchini Ugiriki liliitegemea kwa kila kitu. Usiku huohuo, huko Libya, Wajerumani waliwakamata majenerali wawili wa Kiingereza, Neame na O'Connor, wakiwa garini njiani wakirudi nyuma. Habari zote hizo, njema na mbaya, ziliishia kwenye meza ya mtu mmoja aliyekuwa Cairo: Jenerali Archibald Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza ya Mashariki ya Kati.

Kazi yangu ni kufundisha historia ya vita, hasa upande wa ugavi: nani alibeba nini, kwa chombo gani, na kilifika lini. Tatizo la wanafunzi wangu ni lilelile kila mwaka. Wanajua sura ya Libya, wanajua sura ya Ugiriki, wachache wanajua sura ya Uhabeshi (Ethiopia), lakini wanazijua kama visiwa. Ndiyo maana nawachoresha kalenda yenye safu kwa kila medani, wajaze tarehe moja baada ya nyingine. Wakifika Aprili 1941 kalamu zinasimama, maana hapo ndipo unaona kwamba zote zilikuwa vita moja vilivyopiganwa kwa askari walewale, malori yaleyale na meli zilezile.

Tuanze na bahari. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, njia ya Mediterania ilifungika kwa misafara ya kawaida ya meli. Aliyetaka kufikisha kifaru Misri kutoka Uingereza alilazimika kukizungusha Afrika nzima: Freetown, Cape Town, Durban, halafu kupanda pwani yetu ya mashariki hadi Bahari ya Shamu na Suez. Safari ya maili kama 3,000 ikawa ya maili 12,000 hivi. Na ukifika Bahari ya Shamu unamkuta Mtaliano Massawa, bandari ya Eritrea, ana manowari na nyambizi. Juu ya hapo kulikuwa na sheria ya Marekani ya kutofungamana na upande wowote, iliyokataza meli za Kimarekani kuingia eneo ambalo Rais alikuwa amelitangaza kuwa la vita. Maadamu Massawa iko mikononi mwa Waitalia, meli ya Kimarekani haiwezi kwenda Suez.

Kwa hiyo kampeni ya Uhabeshi, ambayo vitabu vingi huisimulia kama habari ya kumrudisha Haile Selassie kwenye kiti chake, kwa Wavell ilikuwa kwanza suala la bandari na njia ya meli. Heshima ya mfalme ilikuwa ya kweli, naye aliingia Addis Ababa tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Waitalia waingie mjini humo. Lakini aliyeshika daftari la shehena alikuwa akiangalia Massawa.

Nguvu za kuichukua hazikuwepo za ziada. Desemba 1940, Jenerali O'Connor aliwashambulia Waitalia Sidi Barrani, ndani ya Misri, kwa Divisheni ya 4 ya India na vifaru vya Divisheni ya 7. Ushindi ulikuwa mkubwa kuliko alivyotarajia yeyote. Waitalia bado wanakimbia, O'Connor akaambiwa: Divisheni ya 4 inaondoka, inakwenda Sudan; utapewa Waaustralia badala yao. Wengine walisafirishwa kwa meli hadi Port Sudan, wengine kwa reli na kwa Mto Nile. Wapo wanaosema hapo Wavell alikosea. Mimi sioni hivyo. Alikuwa kama mwenye nyumba ya wapangaji sita na dumu moja la maji: cha maana ni kujua nani ateke kwanza, na dumu lirudi saa ngapi. Waaustralia waliichukua Bardia na Tobruk mwezi Januari, na Februari jeshi lote la Italia la mashariki ya Libya likanaswa Beda Fomm. Idadi ya mateka ilifika kama 130,000. Upande huo haukupungukiwa.

Keren ndiyo iliyokaribia kuharibu hesabu. Ni mji wa Eritrea uliojificha nyuma ya ukuta wa milima, na njia ya kuufikia kutoka Sudan ni moja: korongo la Dongolaas, ambamo barabara na reli hupanda zikiwa zimebanwa na mawe pande zote mbili. Waitalia walilipua miamba ikafunga barabara, kisha wakakaa juu vileleni wakiwa na mizinga na mabomu ya mkono. Kule chini vifaru havikuwa na faida yoyote. Mapigano yalianza mwanzoni mwa Februari, na mashambulizi ya kwanza yalishindwa kabisa: askari wa miguu walipanda mlima Sanchil kwenye jua kali, kila tone la maji na kila risasi likibebwa mgongoni, wakifika wamechoka na kusukumwa tena chini. Katikati ya Machi, Divisheni za 4 na 5 za India zilirudi kwa pamoja, zikaiteka ngome ya Dologorodoc upande wa pili wa korongo, na kutoka hapo wakaweza kuuona ule mrundo wa mawe vizuri na kuona kwamba unaweza kuondolewa. Tarehe 25 Machi askari walitokea kwenye handaki la reli, mahali ambapo Waitalia hawakupategemea, wakashika pande zote za kizuizi. Wahandisi wakachimba na kulipua kwa siku mbili. Tarehe 27 njia ilifunguka, na Keren ikaanguka. Zaidi ya askari 500 wa upande wa Uingereza walikufa pale. Waitalia na askari wao wa Eritrea ni maelfu.

Kusini hali ilikuwa kinyume. Jenerali Alan Cunningham alikuwa Kenya, na adui yake wa kwanza alikuwa jangwa la kaskazini. Wahandisi wa Afrika Kusini walichimba visima na kutengeneza barabara kabla risasi haijalia. Mpango wa awali ulikuwa kungoja hadi mvua za masika zipite, mwezi Mei, ndipo waende Kismayu. Kilichobadilisha mpango ni udhaifu wa adui, ambao Waingereza waliujua vizuri kwa sababu walikuwa wakisoma simu za siri za Waitalia. Wakaondoka Februari. Kismayu ilitekwa tarehe 14, Mogadishu tarehe 25. Huko Mogadishu wakakuta kitu ambacho kwangu mimi ni muhimu kuliko bendera yoyote iliyoshushwa: maghala ya petroli, zaidi ya lita milioni 1.5, hayajachomwa. Kwa petroli hiyo malori ya Brigedi ya Nigeria yalikimbia kaskazini kwa barabara waliyojenga Waitalia wenyewe, yakafika Jijiga katikati ya Machi. Harar ikaanguka tarehe 26. Kutoka Mto Tana hadi Addis Ababa, zaidi ya kilomita 2,500, haikufika miezi miwili.

Massawa ilijisalimisha tarehe 8 Aprili. Siku tatu baadaye, tarehe 11, Rais Roosevelt wa Marekani alitangaza kwamba Bahari ya Shamu si eneo la vita tena. Meli za Kimarekani zikaruhusiwa kwenda Suez. Nawaambia wanafunzi wazipigie mstari tarehe hizo mbili, ya 8 na ya 11, kwa sababu hapo unaona mlima wa Eritrea ukifungua mlango wa jangwa la Misri.

Ila wakati huo nyumba ilikuwa inawaka upande mwingine. Wavell alikuwa amepeleka Ugiriki watu karibu 60,000, akaiacha mashariki ya Libya na kikosi chepesi. Taarifa zilimwambia kwamba Rommel, jenerali wa Kijerumani aliyeshuka Tripoli Februari, hangeweza kushambulia kabla ya Mei. Na kweli, Berlin ilimwamuru Rommel angoje. Rommel hakungoja. Kufikia katikati ya Aprili, Tobruk ilikuwa imezingirwa. Ugiriki nayo ikawa ya kukimbia: watu kama 50,000 waliokolewa kwa meli, lakini mizinga, vifaru na malori vikabaki huko. Kosa la mwaka ule, kwa maoni yangu, ni Ugiriki, na lilikuwa kosa la wanasiasa kabla ya kuwa la jenerali. Uhabeshi ulilipa deni lake, Ugiriki haukulipa.

Sitakaa sana kwenye Iraki, ambako Rashid Ali alipindua serikali mwanzoni mwa Aprili na kushindwa mwisho wa Mei, wala kwenye Krete, ambayo Wajerumani waliichukua kwa askari wa miavuli kuanzia tarehe 20 Mei. Badala yake fuata kikosi kimoja: Brigedi ya 5 ya India. Desemba ilikuwa Sidi Barrani. Februari na Machi ilikuwa Keren. Juni ilikuwa Syria, ikipigana na Wafaransa wa Vichy, yaani wa ile serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani, na sehemu yake ikazidiwa nguvu Mezze nje ya Damascus siku chache kabla mji haujaanguka. Medani tatu, adui tofauti, ndani ya nusu mwaka. Siku zilezile shambulio la kuikomboa Tobruk, tarehe 15 hadi 17 Juni, lilishindwa, na Waziri Mkuu Churchill akamwondoa Wavell na kumweka Jenerali Auchinleck mahali pake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hutajwa kwa sentensi moja tu. Baada ya Addis Ababa, divisheni za India na ile ya Afrika Kusini ziliitwa Misri, moja baada ya nyingine. Vita vya Uhabeshi havikuwa vimekwisha. Waliobaki kuvimaliza, kwenye matope ya masika, walikuwa hasa Waafrika: Keya, yaani King's African Rifles, pamoja na vikosi vya Gold Coast (Ghana ya leo) na Nigeria. Tarehe 19 Mei, huko Colito, Uhabeshi, batalioni ya 1/6 ya Keya, ambayo chimbuko lake ni Tanganyika, ilikuwa imevuka mto bila silaha nzito pale vifaru vya Kitaliano vilipotokea ghafla. Sajenti Nigel Leakey wa Kenya alirukia kifaru kutoka nyuma, akafungua mfuniko, akawapiga risasi waliomo isipokuwa dereva. Alipoona mzinga wa kifaru hicho haufanyi kazi, alishuka kuvikabili vingine, akauawa. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Katika jaribio lile la pili alifuatana na sajenti meja wa kampuni na askari wawili, Waafrika, ambao katika maelezo ya nishani wanatajwa kwa cheo tu. Nalitaja hili kila muhula.

Ngome ya mwisho, Gondar, ilianguka tarehe 27 Novemba 1941, na brigedi za Afrika Mashariki zilikuwa mstari wa mbele. Makumi ya maelfu ya mateka wa Kitaliano waliletwa Kenya. Kikanisa cha Mai Mahiu kando ya barabara ya bondeni ni kazi ya mikono yao. Mkuu wao, Duke wa Aosta, aliyejisalimisha Amba Alagi mwezi Mei, alifia Nairobi Machi 1942 na amezikwa Nyeri.

Siku kumi baada ya Gondar, Japani ilishambulia Pearl Harbor, na hesabu ya meli ikaanza upya, safari hii Bahari ya Hindi ikiwa katikati. Brigedi ya 21 ya Afrika Mashariki ilipakiwa kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1942, ile ya 22 ikaenda Madagascar mwaka huohuo, na 1944 brigedi za 21, 25 na 26 zikawa bonde la Kabaw, Burma, kama Divisheni ya 11, kwenye mvua mbaya kuliko ile ya Uhabeshi.